Bima, Mauaji na Vivuli: Filamu ya Double Indemnity

Double Indemnity ni filamu ya Marekani ya mwaka 1944, ya picha za rangi nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Billy Wilder kutokana na riwaya fupi ya James M. Cain. Urefu wake ni dakika 107. Jina lake limetoka katika kipengele kilichokuwa kikiandikwa kwenye hati za bima ya ajali: aliyekatiwa bima akifa kwa ajali ya aina fulani, warithi wake hulipwa maradufu ya kiasi kilichoandikwa. Kampuni za bima zilikitumia kipengele hicho kuvutia wateja, kwa kuwa zilijua kuwa ajali za namna hiyo hutokea kwa nadra sana. Filamu inasimulia habari za mwanamume na mwanamke walioamua kuitengeneza ajali hiyo kwa mikono yao.

Vitabu vingi vya historia ya sinema huitaja kuwa mfano halisi wa film noir, yaani zile filamu za uhalifu za Hollywood za miaka ya 1940 na 1950 zenye giza jingi, tamaa inayoangamiza, na watu wanaojua mapema kwamba hawatasalimika. Sifa hiyo inaistahili, lakini si giza peke yake lililoifikisha hapo. Riwaya ya Cain na filamu ya Wilder zinashiriki kisa kimoja na bado ni kazi mbili tofauti. Mabadiliko mengine yalilazimishwa na wakaguzi wa maadili, mengine yalizaliwa katika chumba ambamo waandishi wawili wasiopatana walifungiwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba filamu ina jambo moja ambalo riwaya haikulipa uzito: urafiki wa wanaume wawili unaosalitiwa.

Chimbuko la kisa chenyewe ni kesi ya kweli. Mwezi Machi 1927, katika eneo la Queens jijini New York, Albert Snyder, mhariri wa picha katika jarida la mashua za injini, aliuawa nyumbani kwake na mkewe, Ruth, akishirikiana na hawara yake, Judd Gray, mchuuzi wa nguo za ndani za kike. Kabla ya hapo Ruth alikuwa amemkatia mumewe bima yenye kipengele cha malipo maradufu, na mume hakuelewa alichokuwa akikitia saini. Wauaji walipanga mambo yaonekane kama kazi ya wezi waliovunja nyumba, lakini polisi hawakudanganyika. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing tarehe 12 Januari 1928. Mpigapicha Tom Howard aliingia humo na kamera ndogo iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu, akapata picha ya Ruth Snyder wakati wa kuuawa kwake kwa umeme, na gazeti la Daily News likaichapisha ukurasa wa kwanza. Marekani nzima iliijua kesi hiyo.

James M. Cain wakati huo alikuwa mwandishi wa gazeti jijini New York. Alipohamia California aliendelea kuandika hadithi, na mwaka 1934 riwaya yake ya kwanza, The Postman Always Rings Twice, ilimpa jina kubwa. Double Indemnity ilifuata mwaka 1936, ikitolewa kwa sehemu katika jarida la Liberty, kisha mwaka 1943 ikaingia katika kitabu pamoja na hadithi nyingine mbili. Cain hakuwa mtu wa kupamba. Anamwacha muuaji mwenyewe asimulie, kwa sentensi fupi, bila kujitetea na bila kumpa msomaji nafasi ya kupumua. Msomaji hatafuti nani aliyeua, kwa sababu anayesimulia ndiye aliyeua. Kinachomvuta ni kuona jinsi mtu mwenye akili timamu na kazi nzuri anavyojiingiza shimoni hatua kwa hatua huku akijiona mjanja.

Studio za Hollywood ziliitamani hadithi hiyo hata kabla ya jarida kuanza kuitoa, na bei ya dola 25,000 ilitajwa. Hapo ndipo ilipokutana na Joseph Breen. Tangu mwaka 1934 ofisi yake ilisimamia kanuni za maadili ambazo studio zote kubwa zilikubali kuzifuata, na filamu isiyopata kibali chake haikuwa na nafasi katika kumbi za maana. Mwaka 1935 Breen aliandika kwamba hadithi hiyo haifai kabisa. Wahusika wakuu ni wazinzi na wauaji, mwishoni wanaikwepa sheria kwa kujiua, na mpango wa mauaji umeelezwa kwa undani kiasi kwamba mtu angeweza kuuiga. Barua moja ilitosha. Studio zote zilirudi nyuma, na hadithi ikakaa miaka minane bila kuguswa, hadi Paramount ilipoinunua kwa dola 15,000.

Aliyeitaka ni Billy Wilder. Alizaliwa mwaka 1906 katika mji ambao leo uko Poland, akawa mwandishi wa magazeti na wa filamu Berlin, akaikimbia Ujerumani Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alifika Marekani akiwa hajui Kiingereza vizuri. Miaka kumi baadaye alikuwa mmoja wa waandishi mahiri wa Hollywood, akifanya kazi bega kwa bega na Charles Brackett. Lakini Brackett aliiona hadithi ya Cain kuwa chafu na akakataa kuigusa. Cain mwenyewe alikuwa amebanwa na mkataba wa studio nyingine. Ndipo jina la Raymond Chandler likapendekezwa.

Chandler alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na hakuwa amewahi kuandika filamu hata moja. Alizaliwa Chicago, akasomea Uingereza, akawa mkuu katika kampuni ya mafuta Los Angeles hadi ulevi ulipomtoa kazini mwaka 1932, na baada ya hapo akajifunza kuandika hadithi za upelelezi. Riwaya yake The Big Sleep ya mwaka 1939 ilikuwa imemtambulisha. Yeye na Wilder hawakupatana tangu mwanzo. Wilder alikuwa mwepesi, asiyetulia, mpenda wasichana na simu. Chandler alikuwa mzito, mwenye haya, anayejaribu kukaa mbali na chupa. Siku moja Chandler hakuja kazini, badala yake akapeleka kwa wakubwa orodha ya malalamiko, mojawapo likiwa kwamba Wilder humtikisia fimbo yake usoni anapozungumza. Hata hivyo waliendelea.

Mchango mkubwa wa Chandler ulikuwa sikio lake. Wilder alitaka mazungumzo ya riwaya yachukuliwe kama yalivyo, maana kwenye ukurasa yanasisimua. Chandler alisema hayatafaa kutamkwa. Waigizaji wakaitwa wayasome kwa sauti, na ikadhihirika kwamba maneno yanayokimbia vizuri mbele ya macho yalikuwa makavu mdomoni. Cain alipoulizwa, alikubali kwamba aliyaandika kwa ajili ya jicho. Kwa hiyo mazungumzo karibu yote yakaandikwa upya, na hapo ndipo filamu ilipopata ile lugha yake ya kejeli na majibizano, ambamo mwanamume na mwanamke wanaonyana, wanachokozana na kutamaniana bila neno moja ambalo mkaguzi angeweza kulikata. Kwa jambo hili filamu imeizidi riwaya.

Kisa kinaanza mwisho. Ni usiku Los Angeles, Julai 1938. Walter Neff, wakala wa bima, anaingia ofisini akiwa na jeraha la risasi begani. Katika lifti, mzee wa zamu ya usiku anamweleza kwamba yeye mwenyewe amekataliwa bima kwa sababu ya moyo wake. Ni maneno ya kupita tu, lakini yanaonyesha mara moja biashara hii inamthamini nani. Neff anaketi mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kuanza kuungama. Anayemwungamia ni Barton Keyes, mkuu wa idara ya madai, mtu anayemheshimu kuliko wote. Ndani ya dakika chache za mwanzo mtazamaji anajua kwamba Neff aliua kwa ajili ya fedha na kwa ajili ya mwanamke, na kwamba hakupata kimojawapo.

Mwanamke huyo ni Phyllis Dietrichson, mke wa tajiri wa mafuta. Neff alikwenda nyumbani kwao kuhusu bima za magari zilizokaribia kuisha, akamkuta Phyllis juu ya ngazi, na kikuku cha mguuni kikamnasa macho. Muda si mrefu Phyllis anauliza kama inawezekana kumkatia mumewe bima ya ajali bila mume kujua. Neff anaelewa papo hapo na anaondoka kwa hasira. Usiku Phyllis anabisha hodi kwake. Filamu haimfanyi Neff kuwa mjinga aliyelaghaiwa. Ameuza bima kwa miaka 11, anajua kila hila inayotumika kuiibia kampuni, na kwa muda mrefu amekuwa akijiuliza kama mtu wa ndani hawezi kuushinda mfumo wote. Phyllis anampa sababu, lakini wazo lilikuwa lake tangu zamani.

Mpango wao unategemea treni, kwa kuwa kifo cha treni ndicho kinacholipa dola 100,000 badala ya 50,000. Bwana Dietrichson anatia saini akidhani ni karatasi ya bima ya gari. Baadaye anavunjika mguu, na ulemavu huo wa muda unageuzwa kuwa silaha: Neff anajificha nyuma ya kiti cha gari, Phyllis anapiga honi mara tatu kama walivyokubaliana, na mume anauawa. Mauaji yenyewe hayaonekani. Kamera inabaki usoni mwa Phyllis, ambaye anaendelea kutazama barabara. Kanuni za Breen zisingeruhusu zaidi ya hapo, na ni vigumu kufikiri picha ya mauaji ambayo ingetisha kuliko uso huo. Neff anapanda treni akiwa na magongo ya marehemu, anaruka pale treni inapopunguza mwendo, nao wawili wanailaza maiti kwenye reli. Wanapotaka kuondoka, gari linakataa kuwaka. Wilder aliliongeza tukio hilo baada ya gari lake mwenyewe kumgomea, na mtazamaji anajikuta akiomba gari la wauaji liwake.

Kuanzia hapo filamu inakuwa ya Keyes. Edward G. Robinson, aliyezoeleka kama jambazi wa sinema za miaka ya 1930, anamchora mtu mfupi mwenye sigara kubwa asiye na kiberiti kamwe, anayedai kuwa ndani ya tumbo lake kuna mtu mdogo anayemsumbua kila dai la uongo linapoletwa. Mkuu wa kampuni anapodai kwamba marehemu alijiua ili kampuni isilipe, Keyes anamwaga takwimu za kujiua kwa aina zake zote, kisha anahitimisha kwamba hakuna aliyewahi kujiua kwa kuruka kutoka treni inayokwenda polepole. Maneno ni ya mezani, ya rejesta na mafaili, na bado ni mojawapo ya sehemu zinazosisimua zaidi. Usiku mtu mdogo anaamka. Keyes anajiuliza: mtu aliyekuwa na bima ya ajali alivunjika mguu, mbona hakudai fidia? Labda hakujua kwamba ana bima. Neff anasikiliza, na Phyllis, aliyekuja kumwona, amejificha nyuma ya mlango kwenye korido. Kwa kawaida mlango wa nyumba hauwezi kufunguka kuelekea nje namna hiyo. Wilder alijua na akaacha, kwa kuwa tukio lilihitaji mlango wa aina hiyo.

Katika riwaya Keyes yumo, ni mjanja vilevile, lakini ni mfanyakazi mwenzake tu. Waandishi wa filamu walimfanya mtu anayempenda Neff kama mwana, hata kutaka awe msaidizi wake katika idara ya madai. Kila Keyes anapopapasa mifuko akitafuta kiberiti, Neff anakiwasha kijiti kwa ukucha wa kidole gumba na kumwashia. Mtaalamu wa kunusa uongo hashuku hata kidogo mtu aliyekaa upande wa pili wa meza yake. Na mashine ya kurekodi inaifanya simulizi nzima kuwa barua ya mkosaji kwa rafiki aliyemsaliti. Sauti ya Neff inayosikika juu ya picha inatusimulia sisi, lakini inamlenga Keyes.

Majina nayo yalibadilishwa. Walter Huff wa riwaya akawa Walter Neff, Phyllis Nirdlinger akawa Phyllis Dietrichson. Phyllis wa Cain anatisha kupita kiasi: ni muuguzi wa zamani aliyeua wagonjwa wengi, wakiwamo watoto, na mwishoni anayapenda mauti kama mchumba. Wilder na Chandler walibakiza tetesi moja tu, kwamba alimuua mke wa kwanza wa Dietrichson aliyekuwa akimuuguza. Mwanamke aliyebaki ana tamaa na ubaridi wa kawaida, mtu anayeweza kukutana na wakala wa bima katika duka la vyakula, kati ya rafu za makopo, na kupanga kifo kwa sauti ya chini huku wanunuzi wakipita.

Barbara Stanwyck aliyemwigiza alikuwa wakati huo mwanamke anayelipwa vizuri kuliko wote Marekani, na alisita kuchukua nafasi ya muuaji asiye na sifa hata moja ya kumsitiri. Wilder alimvalisha wigi la nywele za rangi ya dhahabu ambalo wakubwa wa studio walilichukia. Lilionekana la bandia, na ndivyo alivyotaka. Fred MacMurray alisita zaidi, maana alijulikana kwa vichekesho vyepesi na sura ya mtu mwema. Sura hiyo ndiyo iliyohitajika: Neff anapendeza, anachekesha, na mtazamaji anamwendea upande wake kabla ya kujua.

Upigaji picha ulifanyika kati ya Septemba na Novemba 1943, chini ya usimamizi wa John F. Seitz. Los Angeles inajulikana kwa jua, na filamu inaanza na jua hilo nje ya nyumba ya akina Dietrichson, kisha inaingia sebuleni ambako mwanga unapita katikati ya vibao vya pazia na kuangukia watu kwa mistari, mfano wa nondo za gereza. Ili miale ya mwanga ionekane ikiwa imebeba vumbi, Seitz alitumia vumbi laini la madini lililopeperushwa hewani. Wilder alizijua picha za giza tangu Ujerumani, kama walivyozijua wakimbizi wengine waliofanya kazi Hollywood. Muziki uliandikwa na Miklós Rózsa kutoka Hungaria, wenye mwendo wa mazishi tangu majina yanapoonyeshwa, huku kivuli cha mtu mwenye magongo kikisogea kuelekea kamera. Mkuu wa muziki wa studio aliuona mkali mno, lakini ulibaki.

Jambo moja mtazamaji wa leo atalitambua upesi. Watu weusi wamo karibu kila mahali katika filamu hii: wanasafisha ofisi usiku, wanabeba mizigo kwenye treni, wanaosha gari katika gereji ya Neff. Charlie, wa gereji, ndiye ambaye Neff anamtumia kama shahidi kwamba hakutoka nyumbani usiku wa mauaji. Wanahitajika ili mambo ya wengine yaende, na hawapewi zaidi ya maneno machache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa sinema ya Marekani wakati huo, na nchi yenyewe.

Mwisho ulikuwa kazi ngumu kuliko yote. Cain aliwapeleka wauaji wake melini, wakisubiri kujitosa baharini penye papa. Kanuni zilikataza kujiua kutumike kukwepa adhabu, kwa hiyo katika filamu wanarudi kwenye sebule ile ile ya mwanzo. Phyllis anampiga Neff risasi moja, anashindwa kupiga ya pili, na Neff anamuua. Baada ya hapo Wilder alipiga picha za Neff akiuawa katika chumba cha gesi, Keyes akishuhudia. Seti hiyo iligharimu karibu dola 150,000. Kisha akaiondoa yote. Alikuwa ameshapiga tukio la mlango wa ofisi, ambapo Neff ameanguka akijaribu kutoka na hawezi tena kuwasha sigara yake, na safari hii Keyes ndiye anayewasha kiberiti. Baada ya hilo, chumba cha gesi kingewaonyesha watazamaji kitu ambacho walikwisha kukielewa.

Filamu ilitolewa mwaka 1944 na kupokewa vizuri, ingawa mwimbaji maarufu Kate Smith aliwasihi watu wasiende kuitazama. Cain aliisifu waziwazi na kukiri kwamba baadhi ya mambo yaliyoongezwa angependa angeyafikiria yeye. Iliteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, haikupata hata moja. Filamu bora ilikuwa Going My Way, hadithi ya padri mwema, nayo ya Paramount. Mwaka uliofuata Wilder alizipata tuzo hizo kwa The Lost Weekend, filamu nyingine iliyotokana na riwaya, safari hii kuhusu mwandishi mlevi. Chandler naye aliandika makala kali mwaka 1945 kuhusu jinsi Hollywood inavyowatendea waandishi. Hata hivyo sura yake imo katika filamu: kwa sekunde chache anaonekana ameketi kwenye kiti nje ya ofisi ya Keyes akisoma, Neff akipita mbele yake, na miaka mingi ilipita kabla ya mtu yeyote kumtambua.

Jina la aina hii ya filamu lilikuja kutoka Ufaransa. Wakati wa utawala wa Wajerumani filamu za Marekani hazikuingia Paris, na zilipofika kwa pamoja mwaka 1946, zikiwamo The Maltese Falcon, Laura na Double Indemnity, mhakiki Nino Frank aliona kwamba zina giza la namna moja na akaziita filamu nyeusi, wakati ambapo riwaya za uhalifu zilikuwa zikichapishwa huko katika mfululizo wenye jina la Série noire. Wilder hakujua kwamba anatengeneza film noir. Kwake ilikuwa hadithi ya ofisini iliyoharibika. Mwaka 1973 televisheni ya Marekani iliitengeneza upya, na mwaka 1981 filamu ya Body Heat ilikihamishia kisa kile kile Florida, penye joto kali na mwanasheria badala ya wakala wa bima. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake kwa taifa.